Nina miezi 14 tu kwenye ofisi ya uwakili Tabora, nimepata nafasi Kigoma. Nihame au nitaonekana mrukaji?

wakili_mchanga_tbr

Mwangaluka wadau, na walioko ziwani mwakeye.

Mimi ni wakili mdogo, niliapishwa mwaka jana nikarudi zangu nyumbani Tabora maana Dar nilizunguka na bahasha miezi minne, ofisi zote zinataka mwenye uzoefu, sasa huo uzoefu sijui wanadhani unauzwa Kariakoo. Hapa nikapokelewa na wakili mmoja wa siku nyingi, ofisi ina mawakili watatu mimi ndo wa mwisho, na karani mmoja ambaye kwa kweli ndo anaendesha ofisi.

Sio kwamba bosi ni mbaya. Mzee amenifundisha vitu, kabla yake sikujua kuandika hati ya madai isiyopigwa pingamizi siku ya kwanza, law school tuliandika za kujibia mtihani. Ila miezi 14 sasa kazi yangu ni kushika brifu tu. Naamka, natinga suti, naenda nasimama, "mheshimiwa wakili mwenzangu yuko Mahakama Kuu tunaomba tarehe nyingine", napewa tarehe narudi. Shahidi hata mmoja sijawahi kumwongoza. Mshahara tulikubaliana laki 5 unakuja vipande vipande, leo laki, wiki ijayo elfu hamsini, wa Agosti mpaka leo haujaisha na tuko Oktoba.

Sasa kuna wakili wa Kigoma tulifahamiana kwenye kesi ya kiwanja cha Gungu huko Kigoma, yeye ni upande wa pili, sisi mteja wetu ni mfanyabiashara wa hapa Tabora, mimi ndo huwa napanda treni kwenda kwenye hiyo kesi na majibu ya utetezi wao niliyaandika mimi bosi akasaini. Mara ya mwisho tulipotoka mahakamani akaniita tukanywa chai, akasema ofisi yake inakua na anatafuta kijana, laki 8, leseni ya mwaka analipa yeye, nianze Novemba.

Naomba kuuliza, miezi 14 ni mapema sana kuhama? Wakongwe wataniona mrukaji? Na je bosi nimwambie ukweli naenda wapi au niseme tu matatizo ya kifamilia? Maana huyu mzee hata harusi ya dada yangu alichanga.

Mzee wa Korido

Mdogo wangu, hiyo miezi 14 hakuna atakayeihesabu. Mimi niko kwenye kazi hii toka enzi za kutoka Kigoma kuja kusikilizwa rufaa Tabora, watu wanashuka treni asubuhi na faili kwenye mfuko wa rambo wanaingia nalo kortini, na nimeajiri vijana kama nane hivi. Akija kijana kuomba kazi simuulizi umekaa muda gani, namuuliza niambie kesi moja uliyoianza wewe ukaimaliza wewe, nani alikuwa shahidi wako wa kwanza na alikuharibia wapi. Akianza kujikuna kichwa najua huyu alikuwa anabeba mkoba. Nimewahi kumpokea aliyekaa miaka minne sehemu moja hajui kupinga kielelezo kinapotolewa, na nimepokea wa miezi tisa alikuwa moto.

Kwahiyo kabla hujauliza nihame nisihame, je ulishamwambia bosi wako nipe faili liwe langu? Sio kulalamika kwa karani, kumwambia mwenyewe, umekaa kwenye kiti, ukiwa na jina la kesi mkononi. Wazee wengi hatuwapi vijana kesi kwa sababu hatujui kama mnataka, tunaona mko kwenye simu tu (mtanisamehe). Anzia Baraza la Ardhi na Nyumba, huko ndo pa kujifunzia, shahidi unaongoza mwenyewe, unaenda kuona kiwanja, unajifunza na mitego. Kesi ngapi zimerudishwa kuanza upya kwa sababu tu maoni ya wazee wa baraza hayakusomwa mbele ya wadaawa, na wakili kakaa hapo anaangalia saa.

Uongo wa matatizo ya kifamilia acha. Kigoma na Tabora tunakutana korido hizo hizo, wiki mbili tu atakuona umesimama upande mwingine na familia yako imepona.

mgebuka_mkavu

Njoo Kigoma bwana, hela ya asali mnayotuuzia huko tukurudishie kwa dagaa. Laki 8 Kigoma unaishi kama mbunge. Ila sweta la Tabora acha hukohuko, huku Mwanga jua halina utani.

binti_ujiji

Ngojeni kwanza jamani, mbona watu wanapita tu.

Dada (nahisi ni dada, kama ni kaka samahani), umesema kitu pale katikati ukakiruka kama dimbwi. Anayekuita ni wakili wa upande wa pili kwenye kesi ambayo haijaisha. Wewe ndo umekaa na yule mfanyabiashara, umeona nyaraka zake zote hata zile ambazo hamkuzipeleka mahakamani, unajua shahidi wenu yupi akibanwa anababaika, na bila shaka unajua mteja wenu yuko tayari kumalizana kwa shilingi ngapi. Halafu mwezi ujao unakaa meza moja na wakili anayepambana naye mahakamani. Hata usipofungua mdomo, mteja wenu ataaminije? Mimi ningekuwa yeye siku hiyohiyo naomba mahakama iitoe ofisi nzima ya Kigoma kwenye kesi, na malalamiko yanaenda Kamati ya Mawakili, ambayo ikitaka inakusimamisha au jina linafutwa kabisa kwenye orodha. Siri za mteja hazina tarehe ya kuisha, huziachi ofisini kama unavyoacha funguo.

Najua kuna watu watasema atakaa mbali na hilo faili. Kwenye maofisi makubwa ya mawakili mia huko wanaweza kutenganisha watu, huyu ghorofa hii yule ghorofa ile, mafaili yamefungwa. Ofisi zetu hizi mawakili wawili, kabati moja, printa moja, na dirisha wazi kwa ajili ya joto, utatenganisha nini na nini?

Mimi nimefanya kazi Kigoma na huyo wakili simjui wala sitaki kumjua, labda ni mtu safi kabisa na kaona kijana anayejituma. Ila nikuulize, wakati mnakunywa hiyo chai, alikuuliza chochote kuhusu kesi?

Na tafadhali edit post yako, toa Gungu na toa hilo la mfanyabiashara. Tabora hii bosi wako akisoma mistari miwili kashakujua.

wakili_mchanga_tbr

binti_ujiji umenitoa jasho na hapa feni inazunguka. Ni dada, ndio. Kuedit imekataa, muda umepita, nimewaandikia wasimamizi.

Aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya, yan ilikuwa stori, akasema "hivi mzee wenu kwenye hii kesi anaendaga mpaka mwisho au ni wa kuongea?" Mi nikacheka tu nikasema mzee ni mzee. Nilidhani ni mazungumzo ya kawaida ya mawakili. Usiku wa kuamkia leo nimelala naiwaza hiyo sentensi.

Mzee wa Korido, kusema kweli sijawahi kumwomba faili. Nilikuwa nasubiri anipe.

muhuri_wangu

Mi nachangia la pembeni ila naomba ulisome kama hutasoma lingine. UKIONDOKA OFISI YOYOTE ONDOKA NA MUHURI WAKO.

Nilianza kazi ofisi moja kanda hii ya magharibi, siitaji. Muhuri wangu wa kamishna wa viapo ulikuwa unakaa kwenye droo ya karani kama mihuri ya wote, mtu anakuja na kiapo chake cha kupoteza kitambulisho nagonga nasaini anaenda. Nikahama. Muhuri nikausahau, au tuseme niliona aibu kuudai maana tuliagana vibaya. Baada ya miezi kama saba hivi niko mahakamani wakili mwenzangu ananionyesha kiapo, kina jina langu, muhuri wangu, tarehe ambayo mimi nilikuwa Mpanda kwenye msiba, na saini ambayo hata mtoto angeona sio yangu. Na aliyeapa anasema aliapa mbele yangu! Nilikimbia na lile jambo karibu mwaka, barua huku, maelezo kule, nalala na kuamka na muhuri. Nilitoka salama lakini nywele zilitoka nyeupe.

Kwanza muhuri una anuani ya ofisi ya zamani, ukihama inabidi uchonge mpya hata hivyo. Ule wa zamani kata kwa kisu mbele ya bosi wako, piga picha. Hakuna atakayekuona mshamba.

kaka_wa_nzega

Muhuri_wangu, hii ya droo ya karani kila ofisi ipo, nimenyanyuka nikaenda kuchukua wangu saa hii hii siongopi

Mama Wawili_Advocate

Nimeona mnaongelea maadili, vizuri, ila mtoto wa watu ana mshahara wa Agosti hajalipwa na hakuna aliyemgusia.

Mwanangu, wewe ni mwanasheria unatetea haki za watu halafu yako huijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakuhusu kama inavyomhusu mlinzi wa hiyo ofisi. Unalipwa kwa mwezi, basi notisi yako haipungui siku 28, iwe ya maandishi na sababu na tarehe, labda mkataba wenu useme zaidi, usome huo mkataba. Usiondoke kimyakimya ukamkomoa, hiyo notisi usiyoitoa anaweza kukudai. Ukitoka, anakulipa vyote ulivyofanyia kazi pamoja na likizo ambayo hukuchukua, na anakupa cheti cha utumishi, sio hisani hiyo ni sheria. Asipolipa kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ila madai kama hayo ya mishahara yana siku 60 tu toka mgogoro uanze, na najua mawakili wazima waliowakosesha wateja haki kwa kuhesabu vibaya, sembuse ya kwao wenyewe. Simwambii akamshtaki mzee wa watu. Namwambia aandike barua ya upole ya kukumbushia, iwe na tarehe, abaki na nakala.

Halafu angalia NSSF yako kama michango inaingia kweli au inakatwa tu kwenye karatasi. Namba yako unahama nayo, huanzi upya. Na kama ulisoma kwa mkopo, Bodi wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwahiyo laki 8 usiipigie hesabu kama laki 8, toa Bodi, toa NSSF, toa kodi ya TRA, toa chumba, halafu nauli ya kuja kumsalimia mama Tabora. Muulize huyo wa Kigoma laki 8 ni kabla au baada ya makato. Vijana mnaona aibu kuuliza hili swali sijui kwa nini.

Kuhusu lini kuondoka, Novemba ni mwezi mbaya. Likizo ya mahakama inaanza 15 Desemba mpaka 31 Januari, kesi nyingi zinasimama, na leseni inaisha 31 Desemba. Mtu anayeaga kistaarabu anatoa notisi katikati ya Novemba, anakabidhi mafaili Desemba, Januari anahuisha leseni akiwa na anuani mpya, Siku ya Sheria mwezi wa pili anaandamana na wenzake wa mkoa mwingine. Anayekuharakisha uanze Novemba ana haraka ya nini?

Mzee wa Korido

Hilo la mwisho Mama Wawili umelisema. Kesi ya kiwanja inasikilizwa lini, mdogo wangu?

wakili_mchanga_tbr

Tarehe 24 Novemba. Mashahidi wetu.

Mzee wa Korido

Basi.

kijana_wa_ipuli

Mi nitakuwa tofauti kidogo, mnamtisha dada wa watu. Wote mnaongea kama vile kila anayekupa kazi ni mwizi. Hawa mabosi wetu wanatutumia kama matarishi, laki 5 ya vipande, ukisema unataka kuhama unaambiwa maadili, ukibaki unaambiwa hujajituma. Mimi nilihama mara 3 ndani ya miaka miwili, Tabora, Shinyanga, nikarudi Tabora, na kila nilipohama mshahara ulipanda na hakuna aliyenifukuza mahakamani. Hapo Tabora wakulima wa tumbaku wana kesi kibao, bomba la mafuta ghafi limepita Nzega na Igunga, reli ya kisasa ya kwenda Kigoma nayo kilomita 506 inapita kwenye mashamba ya watu, yan kazi ya ardhi na fidia kanda hii ipo mpaka tuzeeke. Wakili mwenye miguu hatakosa pa kwenda.

binti_ujiji

Kijana wa Ipuli hakuna aliyemwambia asihame. Ahame hata kesho. Tunachosema ni asihamie HAPO, kabla ya tarehe 24, akiwa na siri za mtu kichwani. Ingekuwa ofisi nyingine yoyote ya Kigoma, au Kasulu, au Kibondo, mimi mwenyewe ningemtafutia chumba.

Na tukuulize na wewe, hizo ofisi tatu, kuna kesi hata moja uliifikisha hukumuni?

kijana_wa_ipuli

Moja. Mirathi. Haikuwa na mpinzani 😅

Mama Wawili_Advocate

Sasa hapo ndo nimecheka.

Lingine, wateja. Usianze kuwapigia simu wateja wa mzee kuwaambia nahama nifuateni. Mteja ana haki ya kuchagua wakili, akikutafuta mwenyewe ni sawa, ila wewe kuwanyemelea ni kosa la kimaadili na ni kukosa adabu. Na zile kesi ambazo jina lako limo kwenye mfumo wa mahakama hakikisha umejitoa rasmi na mwingine ameingia, usije ukawa umekaa Kigoma unakula mawese wito unaingia kwenye akaunti yako, ofisi ya zamani haina habari, kesi inafutwa kwa kutohudhuria na mteja anakutafuta wewe. Andika orodha ya kukabidhi, kila faili, hatua ilipofikia, tarehe inayofuata, bosi asaini.

wakili_mchanga_tbr

Wadau nimerudi, zimepita wiki mbili samahani.

Nilimpigia yule wa Kigoma. Nilimwambia vizuri tu, kwamba nashukuru sana, nafasi naitaka, ila mpaka kesi ile iishe siwezi kuja, na hata nikija sitaigusa wala sitaulizwa chochote, na ningependa tuandikishane hivyo. Akanyamaza kidogo. Akasema "sawa msomi, nitakurudia." Hajarudi. Juzi nikaona kwenye grupu moja ametangaza anatafuta wakili, sharti mojawapo aanze mara moja.

Kwahiyo jibu nimelipata bila kujibiwa. Imeniuma, sitadanganya, laki 8 nilishaigawa mpaka ya kumnunulia mama friji.

Bosi nilimwambia ukweli wote, hata chai. Nilitegemea atafoka. Alikaa muda mrefu anaangalia dirishani halafu akasema huyo bwana alishawahi kutaka kumchukulia hata yeye karani wake. Ya Agosti amemaliza, Septemba bado, barua nimeandika kama mama alivyosema, ameisoma akasema "umeandika vizuri, ila ungeanza na tarehe", sijui ndo amekubali au ananisahihisha. Bado natafuta pa kwenda mwakani sifichi, na yeye nimemwambia, na kama kuna mtu ana ofisi Kasulu isiyo na kesi na sisi anitafute inboksi. Muhuri nauweka kwenye pochi, karani amenuna.

Na faili nimeomba. Amenipa la Baraza la Ardhi, shamba la Uyui, ekari sita na mpaka wa miembe miwili ambayo mmoja ulishakatwa. Tarehe 18 nasimama mwenyewe na mashahidi wawili. Wa kwanza ni bibi anayesikia kwa sikio moja tu, la kushoto, kwahiyo jana nimeshinda barazani naangalia kizimba kiko upande gani ili nijue nitasimama wapi.

Mzee wa Korido

Simama kushoto kwake, na mwambie mwenyekiti wa baraza mapema kabla bibi hajaanza, iingie kwenye kumbukumbu kwamba hasikii vizuri. Wakili wa upande wa pili akianza kuuliza kwa sauti ya chini, inuka.